Ambulansi, teksi, bajaji au bodaboda: mgonjwa wako apande nini?

Simu nyingi za usiku huanza na maneno yale yale: "Dada, gari lipo?" Mpigaji hajasema mgonjwa ana nini, hajasema yuko Tandika au Bunju. Gari kwanza. Nikimjibu kwamba lipo ila litachukua dakika arobaini, kimya kidogo, halafu namsikia mtu nyuma yake: "Achana nao, tafuta bajaji."

Mimi ni muuguzi. Nimekaa nyuma ya gari la wagonjwa hapa Dar es Salaam miaka kadhaa, na sikuja kulipigia debe gari langu. Wapo wagonjwa ambao ndugu zao walifanya vizuri sana kuachana na sisi wakatafuta bajaji. Wapo pia tuliowakuta wanashushwa kwenye bodaboda mlangoni mwa hospitali, tukatazamana mimi na dereva wangu bila kusema kitu, kwa sababu dakika kumi na tano za kusubiri zingebadilisha habari yote.

Nikipokea simu huwa najiuliza hivi: kitu anachokihitaji mgonjwa huyu sasa hivi kiko wapi? Kinaweza kuwa mikononi mwa walio naye pale nyumbani. Kinaweza kuwa ndani ya ambulansi. Au kiko hospitali tu, na hakuna gari la kukileta mpaka mlangoni kwako. Tulinganishe vyombo vya usafiri kwa swali hilo, maana kwa bei na kwa mwendo kila mtu mjini hapa tayari ni mtaalamu.

Kabla ya chombo chochote

Mtu ameanguka, ukimwita haitiki, hapumui, au anatweta mara moja moja kama samaki aliyetolewa majini. Huyo usimpakie popote. Mlaze chali sakafuni na ukandamize katikati ya kifua, kwa nguvu, kishuke sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwenzako akipiga simu. Kwenye bajaji kazi hiyo haifanyiki. Hata mimi ndani ya ambulansi inayokata kona naifanya vibaya, na nimeshawahi kurushwa mpaka mlango wa nyuma nikiwa katikati ya kuhesabu.

Damu nayo hivyo hivyo. Tulifika nyumba moja usiku, baba kajikata kifundo cha mkono kwa kioo cha dirisha. Vijana watatu walikuwa barabarani wakisimamisha magari, mama yuko kwenye simu, na mgonjwa ameachwa peke yake kwenye kigoda ananing'iniza mkono juu ya beseni la kufulia. Beseni lilikuwa na damu nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Aliyehitajika pale ni mtu mmoja wa kukunja kanga, kuiweka juu ya kidonda na kubonyeza kwa uzito wake wote bila kuchungulia kila baada ya sekunde kumi kama damu imekata. Ikiwa ni mkono au mguu na kubonyeza hakusaidii, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, pitisha kijiti, zungusha mpaka damu ikate, uandike saa uliyofunga. Ndipo uulize habari za gari.

Ambulansi: unalipia nini hasa?

Wengi hudhani wanalipia king'ora. Simama kwenye barabara isiyo na njia ya mwendokasi saa kumi na mbili jioni uone king'ora kinavyohangaika: daladala iliyo mbele haina pa kupishia hata dereva wake akitaka. Kwenye barabara za mwendokasi tunaponea ile njia ya mabasi, lakini nje ya hapo tunakaa foleni kama wengine, tofauti yetu ni kelele.

Unacholipia ni vitu vinne. Oksijeni. Mashine ya kufyonza mate, damu na matapishi kooni. Machela. Na mtu anayejua kuvitumia hivyo vitatu gari likiwa linatembea. Machela watu huidharau mpaka siku wanapotakiwa kumshusha mzee wa kilo tisini kutoka ghorofa ya nne Kariakoo, ngazi nyembamba, taa zimekatika.

Kwa hiyo mgonjwa wa ambulansi ni yule ambaye mojawapo ya vitu hivyo kikikosekana njiani hafiki. Aliyepoteza fahamu na anakoroma. Anayehangaika kupumua, midomo imeanza kuwa na rangi ya kijivu. Aliyeanguka kutoka juu, au aliyegongwa, ambaye analalamika shingo au hasikii miguu yake. Huyu wa mwisho hasa ni wa kusubiriwa: kama anapumua vizuri na havuji damu, dakika arobaini amelala palepale alipo, kichwa kimeshikwa kisitikisike, ni bora kuliko dakika kumi za kukunjwa kwenye kiti.

Sasa upande mchungu. Magari mengi ya umma kazi yake hasa ni rufaa, kumtoa mgonjwa kituo cha afya kumpeleka hospitali kubwa, si kumfuata mtu nyumbani. Ya binafsi yanakuja nyumbani, kwa pesa. Na katika hayo, mengine ni Land Cruiser yenye kitanda, taa ya buluu na dereva peke yake. Hilo ni teksi ya kulala. Kwa hiyo kabla hujakubali bei, uliza: gari liko wapi sasa hivi, nyuma atakaa nani, mashine ya kufyonza inafanya kazi, na bei hiyo ni ya kwenda tu au na kurudi.

Oksijeni ulizia kwa namna yake. Ukiuliza "ipo?" utajibiwa "ipo." Uliza imebaki kiasi gani. Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne: mtungi wenye lita 680 za gesi, mgonjwa anavuta lita 10 kwa dakika, unakwisha baada ya dakika 68. Ukiwa nusu, dakika 34. Kutoka Chanika mpaka Upanga siku ya mvua, nusu mtungi haufiki. Nimewahi kuishiwa njiani, mshale uko kwenye nyekundu, na tumesimama nyuma ya lori la mchanga. Tangu siku hiyo huwa naangalia mtungi kabla sijaangalia mafuta, na dereva wangu ananicheka.

Jambo moja la ndani ya kazi, kwa kuwa ndugu hulichukulia kama roho mbaya: tukisema mtu mmoja tu ndiye apande, naye akae mbele kwa dereva, hatumnyimi mgonjwa watu wake. Nyuma pale muuguzi anafanya kazi amesimama au amepiga magoti, mara nyingi bila mkanda. Shangazi wanne wakiingia, sindano inayodondoka hatujui imemchoma nani.

Mama mjamzito: hapa kuna namba yake

Hapa ulinganisho unakuwa mfupi. Tanzania ina mfumo wa m-mama, namba 115, haulipii simu na haulipii safari. Ulianzia Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, kabla ya kusambazwa nchi nzima. Ni kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura. Ninachoupendea ni kwamba haujifungi na ambulansi: gari la wagonjwa lisipopatikana karibu, anatumwa dereva wa jamii, mtu wa kawaida mwenye gari lake aliyeandikishwa, naye hulipwa kwa simu akishamfikisha mama. Waliouanzisha walishajua jibu la swali langu. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anahitaji dawa, damu salama na pengine upasuaji, na vyote viko kituoni.

Wakati mnasubiri: kama ana kifafa cha mimba, alazwe ubavu wa kushoto, asiwekewe kitu mdomoni. Kama mtoto ameshatoka, kondo limeshatoka na damu inaendelea, sugua tumbo chini ya kitovu mpaka mfuko wa uzazi uwe mgumu kama dafu, na mtoto awekwe kwenye ziwa. Kanga zilizoloa zisitupwe, ziwekwe kwenye mfuko zije na mama. Tukiziona tunajua kilichotoka ni nusu lita au ni zaidi, na hiyo inatupa jibu haraka kuliko maelezo ya mtu aliyechanganyikiwa.

Teksi, au gari la jirani

Mgonjwa wa teksi ni yule ambaye anachokihitaji kiko hospitali, na njiani anaweza kukaa au kulala bila mtu wa kumsaidia kupumua.

Aliyechomwa kisu tumboni ni mfano wa kwanza. Ndani ya ambulansi sina cha kumfanyia kinachozidi kumfunika na kumwekea dripu, na dripu yenyewe haizibi mshipa uliokatika ndani. Anamhitaji daktari wa upasuaji. Kule Philadelphia, Marekani, polisi kwa miongo kadhaa wamekuwa wakimpakia aliyepigwa risasi au kuchomwa kisu kwenye gari lao la doria na kuondoka naye hapo hapo. Watafiti walipolinganisha na waliobebwa na ambulansi, wakazingatia na ukubwa wa majeraha, hawakuona kwamba waliobebwa na polisi walikufa zaidi. Gari la doria halina chochote ndani, lakini lilikuwepo.

Kiharusi ni mfano wa pili. Mdomo umepinda upande mmoja, mkono hauinuki, maneno yanaburuzika. Ile dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwenye ubongo, inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kabla yake lazima kichwa kipigwe picha ya CT. Kama ana fahamu na anapumua vizuri, usimsubirie king'ora. Kumbuka tu saa ambayo mara ya mwisho alionekana mzima. Jibu la "tangu asubuhi" halimsaidii daktari.

Maumivu ya kifua, yale ya kubana kama umefungwa mkanda, yananipa shida kuyaweka upande mmoja. Mashine ya kushtua moyo ingekuwepo kwenye kila ambulansi ningesema subiri bila kusita, kwa sababu moyo unaweza kusimama njiani. Magari mengi hayana. Uliza, kama wanayo na wako karibu, subiri. Kama hawana, nenda na teksi, mgonjwa asitembee hata hatua za kwenda barabarani, gari limfuate mlangoni.

Dereva wa programu za simu akiona damu, anaghairi safari. Simlaumu, siti zake ndiyo mtaji wake. Mwambie mapema, tandika turubai au mifuko ya nailoni, weka shuka juu. Mwenye kupoteza damu alale kiti cha nyuma. Mjamzito alale ubavu wa kushoto. Anayetapika naye alale ubavu, na mtu mmoja akae naye kwa kazi moja tu ya kumtazama usoni.

Bajaji

Bajaji ninaiheshimu kuliko watu wanavyodhani. Inapita uchochoro wa Manzese ambao gari letu linaishia mwanzoni, na dereva wake analijua kila shimo. Inamfaa mgonjwa anayeweza kukaa mwenyewe: mtoto aliyetoka kwenye degedege na sasa amezinduka, mwenye homa kali, aliyevunjika mkono, mwenye pumu ambaye bado anaweza kusema sentensi nzima. Mtu wa pumu kwanza hataki kulala, ukimlaza unamwongezea. Lakini kama anasema neno moja anavuta pumzi, neno moja anavuta pumzi, ameshatoka kwenye bajaji, ni wa oksijeni.

Kuhusu degedege, kwa kuwa mama wengi hukimbia nalo: mtoto akiwa anatikisika usimkimbize popote kwanza. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Mara nyingi hukoma yenyewe kabla ya dakika tano. Ikipita dakika tano, hapo ondoka na chochote kilichopo, akiwa ubavu mapajani mwako.

Asiyefaa bajaji ni yeyote asiyeweza kushikilia kichwa chake. Kile kiti ni kifupi. Utamkunja, na kukunjika kwenyewe ndiko kutakakomziba.

Bodaboda, na mshikaki

Niliyemwona usiku ule sijamsahau. Kijana wa pikipiki, ameanguka maeneo ya Kongowe, wenzake kwa mapenzi mema wamempakia mshikaki: dereva mbele, yeye katikati, rafiki nyuma amemkumbatia. Hana fahamu. Kichwa kimedondoka mbele, kidevu kimegusa kifua, kinayumba kila pikipiki inapopita tuta. Mtu aliyezimia ulimi unalegea. Ukimkalisha kidevu kikiwa chini hivyo, njia ya hewa inaziba kama mpira wa maji uliokanyagwa. Yule rafiki nyuma aliniambia, "Sista, alikuwa anakoroma njia nzima, hapa karibu ndiyo ametulia." Alidhani ni nafuu.

Kwa hiyo ningependa kuandika kwamba mgonjwa asipandishwe mshikaki kamwe, nikafunga. Haiwezekani, kwa sababu ya Nepal. Upande wa kusini mashariki ya nchi ile, vijiji vya mashamba ambako nyoka huuma watu kila msimu, walijipanga vijana wenye pikipiki wawe wanamchukua aliyeumwa, wanambana katikati ya dereva na mtu mwingine, mbio hospitalini. Watu wakafundishwa pia waende mapema na waache waganga. Vifo miongoni mwa walioumwa vilishuka kutoka asilimia 10.5 hadi asilimia 0.5. Mshikaki ule ule.

Ukiuliza swali langu, utaona wagonjwa hawa wawili hawafanani hata kidogo. Aliyeumwa na nyoka dakika kumi zilizopita ana fahamu, shingo yake nzima, anajishikilia, na anachokihitaji ni dawa ya kuua sumu iliyoko hospitali tu. Kwa hiyo ukiwa ndani ndani Kisarawe au Mkuranga, bodaboda ndiyo gari lako: mguu ufungiwe kijiti usichezecheze, usichanjwe, usinyonywe, usikazwe kamba, na ondokeni. Kijana wa Kongowe alikuwa anahitaji njia ya hewa. Hiyo walikuwa nayo wenzake mikononi, kwa kumlaza ubavu tu pembeni ya barabara, na sisi tungeikamilisha.

Safari ya vipande viwili

Watu huchagua kana kwamba ni lazima chombo kimoja kianze na kimalize. Njia ambayo mara nyingi hushinda zote ni hii: bajaji au gari la jirani mpaka kituo cha afya kilicho karibu, hapo mgonjwa anapewa oksijeni na dripu, na kituo ndicho kinachoita ambulansi ya rufaa. Ambulansi ya umma ambayo isingekuja nyumbani kwako, hapo inakuja. Na sisi tunamchukua mgonjwa aliyetulizwa, mwenye karatasi.

Mama mmoja wa Kigamboni alinipigia kuhusu mumewe mwenye pumu. Sikusikia "gari lipo?" Alisema, "Mwanangu, nipo kwenye bajaji na baba, anapumua kwa shida, tumebakiza dakika tano kufika kituo cha afya, nyie mje mnikute pale." Tulipita Daraja la Nyerere tukijua tunakokwenda. Tulimkuta baba amekaa, barakoa ya oksijeni usoni, anatukunjia uso kwa kuchelewa.

Mtego wa njia hii ni kukiendea kituo ambacho hakina kitu. Nilishamfuata mgonjwa mahali ambapo ndugu waliambiwa "subirini daktari" saa mbili nzima, na daktari hakuwa zamu. Ukifika, uliza mlangoni kama wana oksijeni na kama kuna mtu wa zamu. Wakibabaika, usishuke.

Na si kila mgonjwa apelekwe moja kwa moja Muhimbili. Ni kweli idara yake ya dharura, iliyofunguliwa 2010, ndiyo iliyowafundisha wengi wetu kazi hii, na MOI ya mifupa na JKCI ya moyo ziko hapo hapo. Lakini hospitali za mkoa zipo: Amana iko Ilala, Mwananyamala iko Kinondoni, na ya Temeke iko Temeke kwenyewe. Mgonjwa anayekata roho hapaswi kuvuka hospitali ya mkoa kwa sababu ya jina.

Kama ni ajali au kupigwa, mtu mmoja aende polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, wakati mwingine anakwenda na mgonjwa. Msiende wote polisi na mgonjwa kwenye gari. Fomu inaweza kufuata, damu haisubiri mhuri. Beba dawa zake zote kwenye mfuko kama zilivyo, kadi ya bima, na simu yenye chaji.

Na yule wa teksi, ukishashuka, mpe na ya kuoshea siti. Usiku mwingine atapigiwa na jirani yako, naye atakumbuka mtaa.